Mikono Miwili, Tochi Moja

Tochi yangu ya tatu ilizama ndani ya tangi la maji la lita 2,000, juu ya mnara wa zege nyuma ya nyumba moja ya Tandika, Dar es Salaam, saa mbili usiku. Nilikuwa nabadilisha boya. Mkono wa kushoto umeshika fimbo ya boya, wa kulia uko kwenye spana, tochi nimeiuma kwa meno. Mama mwenye nyumba akaita kutoka chini, "Fundi, vipi huko, bado?" Nikafungua mdomo kumjibu. Tochi ikagonga ukuta wa tangi mara moja, ikaingia majini, nami nikabaki naitazama inavyoshuka taratibu huku inawaka, mpaka ikalala chini kabisa ikimulika maji matupu. Nati niliyokuwa naikaza ikawa gizani.

Kazi niliimalizia kwa kupapasa. Lakini tangi lilibidi limwagwe, maana betri ndani ya maji ya kunywa si kitu cha kuacha. Tulikinga kwenye ndoo na madumu tulichoweza, ya kufulia na kupigia deki, mengine yakaenda na mtaro. Mtaa ule maji yalikuwa yametoka mara ya mwisho siku tatu nyuma. Yule mama hakunigombeza. Alijikaza khanga yake, akaanza kusogeza madumu, na kila alipopita mbele yangu alisema, "Pole, fundi." Afadhali angenigombeza.

Ndani ya daladala ya kurudi Mbagala nilianza kuhesabu. Mimi ni fundi bomba, huu ni mwaka wa kumi na nne, na miaka yote hiyo tochi ikiniangusha dawa yake ilikuwa moja: kwenda Kariakoo kununua nyingine yenye mwanga mkali kuliko iliyopita. Ya kwanza ilibiringika ikatumbukia kwenye chemba. Ya pili niliisahau juu ya dari. Ya tatu ndiyo hii iliyonitoka mdomoni. Hakuna hata moja iliyopotea kwa sababu mwanga wake ulikuwa hafifu. Zote zilipotea kwa kukosa pa kukaa. Nilikuwa nalipia mwanga, kumbe shida yangu ni kushika.

Tangu siku hiyo sijanunua tochi nikaiacha kama ilivyotoka dukani.

Nilianzia kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu, ambaye ana rundo la tyubu zilizokufa na hadai chochote zaidi ya salamu. Tochi nyingi za chuma zinazouzwa Kariakoo, zile za betri moja ndefu ya kuchaji, shina lake lina kipenyo cha milimita 25 hivi, na tyubu ya baiskeli inalingana nalo kama soksi na mguu. Kata pete ya upana wa vidole vitatu, ilowanishe kwa maji ya sabuni, ivute ipande juu ya shina. Ikikauka haitoki mpaka uikate. Mkono uliojaa maji na grisi unaishika tochi bila kuteleza, na ukiiweka chini haikimbii.

Kabla ya kuivuta ile pete, mimi huweka nati ndogo chini yake, usawa na swichi. Mpira ukishaifunika inabaki nundu. Nundu hiyo inaizuia tochi kubiringika, na gizani kidole gumba kikiigusa tu kinajua swichi iko upande gani. Ni nati ya kuokota, lakini katika vitu vyote nilivyowahi kuongeza kwenye tochi sijui kama kuna kilichonifaa zaidi. Jambo moja la kuangalia: usiufunike mpira mpaka kwenye kichwa cha tochi, pale penye mapezi ya kupoza. LED, ile taa yenyewe, nayo hupata joto, na joto hilo linatokea hapo. Niliwahi kuivalisha tochi mpira mwili mzima nikidhani nailinda. Baada ya robo saa ya kazi ikawa haishikiki, na mwanga wake ukafifia. LED haipendi kupikwa.

Kamba nayo ina masharti yake. Ukiitundika tochi shingoni kwa kamba imara, siku kamba hiyo ikinasa kwenye drili inayozunguka, au kwenye ngazi wakati unashuka, kinachoumia ni shingo. Ya mkononi naifunga imara, lakini ya shingoni lazima iwe na mahali pa kuachia. Mafundi ujenzi wana mpira mwembamba wa maji wa kupimia levo. Naomba kipande cha urefu wa kidole, naingiza ncha moja ya kamba upande huu na ncha ya pili upande ule, zibane kwa kusukumwa tu, bila fundo. Inabeba tochi siku nzima. Ukiivuta kwa nguvu, inaachia. Juu ya tangi lililo wazi situmii ya shingoni. Natumia ya mkononi, na ncha ya pili inakwenda kwenye tundu la kifungo cha shati.

Kuhusu kuiuma tochi, niliacha kabisa, na hapa nawasihi mafundi wenzangu. Ile tochi unayoiuma ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imelala sakafuni mwa choo dakika tano zilizopita. Tumeishi na kipindupindu katika mji huu, tunajua kinapita wapi. Nilipokuwa mwanafunzi wa fundi wangu tuliuma tochi wote, na matumbo yalituuma wote, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Sasa mdomo ukishatolewa kazini, tochi iende wapi? Kichwani. Zipo tochi za kichwani za kununua, lakini mikanda ya zile za bei ya chini hulegea upesi, basi nikatengeneza yangu. Nilinunua lastiki ya upana wa inchi moja, mita moja, kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji Kariakoo. Fundi cherehani wa jirani akashona kitanzi cha kuzunguka kichwa, akaongeza mkanda wa kupita utosini, kisha upande wa kulia, juu kidogo ya sikio, akashona vipochi viwili vidogo vilivyofuatana. Tochi inapita humo kama kalamu inavyopita mfukoni. Mara ya kwanza niliweka ile tochi ya betri ndefu. Kwa nusu saa ilinivuta kichwa upande mmoja, na lastiki ikateremka hadi kwenye nyusi. Nikaishusha, nikaweka ndogo ya betri moja ya AA. Mwanga wake si mkali, lakini kwa kazi iliyo umbali wa mkono unatosha na kubaki.

Niliyokuja kujifunza baadaye kuhusu mwanga wa kichwani sikuambiwa na mtu. Ilikuwa nyumba moja ya Upanga, ukuta unalowa na hakuna anayejua maji yanatoka wapi. Nilikaa mbele ya ukuta ule na tochi yangu kichwani karibu saa nzima, sioni kitu. Rangi nyeupe, laini, safi. Nilipochoka nikaivua mikanda nikaiweka sakafuni, tochi ikawa imelala inamulika kando ya ukuta. Na pale pale ukuta ukabadilika. Palionekana uvimbe mrefu wa rangi uliotambaa kutoka kona, na ufa mwembamba kama unywele umekata plasta, na chini yake mng'ao wa unyevu. Mwanga unaotoka karibu na macho huficha vivuli vyake nyuma ya kila kitu, kwa hiyo macho hayaoni kinundu wala shimo. Mwanga unaolala ubavuni mwa ukuta hukipa kila kinundu kivuli chake. Siku hizi nikitafuta kuvuja, tochi ya kichwani naizima. Naishika ile nyingine mkononi, naibandika ubavuni kabisa na ukuta, natembea nayo polepole. Na nikitaka ikae bila kushikwa, naitumia sumaku: nilivunja spika iliyoungua nikaitoa pete ya sumaku, nikaigundisha kwenye mkia wa tochi na kuibana kwa pete ya tyubu. Inashika kwenye geti, kwenye bati, kwenye stendi ya chuma ya tangi.

Chini ya sinki shida ni nyingine. Koki mpya zinang'aa kama kioo, na mwanga uliokusanywa na kioo cha tochi unazigonga ukakurudia machoni. Unabaki unaona doa jeupe tu. Nilikata kitako cha kopo jeupe la mtindi, nikakipunguza kwa mkasi mpaka kikaingia kwenye kichwa cha tochi, nikakizungushia pete nyembamba ya tyubu ili kisidondoke. Mwanga ukatawanyika kama wa taa ya chumbani. Unapoteza umbali, huwezi tena kumulika mwisho wa uwanja, lakini chini ya sinki hakuna uwanja. Kopo la dawa la plastiki nyeupe nalo linafaa, na kifuniko chake hukaa vizuri zaidi kwa sababu kina ukingo.

Kikopo hicho kilinisaidia pia kwenye adabu. Mzee mwenye nyumba anakuja kuangalia kazi, unainua kichwa kumwamkia, "Shikamoo, mzee," na papo hapo unamchoma macho kwa mwanga wa paji la uso wako. Nimeona wazee wakigeuza nyuso pembeni wakiitikia "marahaba" kwa mkono umeziba macho. Sasa nikisikia mtu anakuja nateremsha kile kikopo kwanza, ndipo nasalimia.

Kuna kosa moja nililifanya kwa sababu ya ufundi wangu wenyewe, na nadhani fundi bomba yeyote angelifanya. Baada ya tochi kuzama Tandika niliamua inayofuata isiingie maji. Mfukoni nina nini kila siku? Tepu nyeupe ya mabomba, ile ya kuzungushia kwenye nyuzi za elbo. Nikafungua mkia wa tochi, nikazungushia tepu raundi tano kwenye nyuzi zake, nikakaza. Maji yasingepita hata kwa pampu. Nikabonyeza swichi, kimya. Nikabadilisha betri, kimya. Nilikuwa nimeshaiweka pembeni kwamba imekufa, mpaka nilipoitoa ile tepu nione kama maji yaliingia, nikakaza tena bila tepu, ikawaka. Kwenye tochi nyingi za chuma, mwili wenyewe ndio waya wa kurudishia umeme: kutoka upande hasi wa betri, kupitia springi ya mkia, kwenye nyuzi, kwenye shina, hadi kichwani. Nami nilikuwa nimezifunga nyuzi kwa plastiki. Kinachozuia maji ni ule mpira wa mviringo unaokaa shingoni mwa nyuzi. Upake mafuta kidogo ya silikoni au grisi isiyokula mpira, inatosha.

Kosa hilo lilinifundisha na jambo la faida. Ikiwa umeme unapita kwenye mkia, basi mkia ukilegezwa kidogo, umeme umekatika. Tochi ndani ya begi la zana hubonyezwa na spana ikawaka yenyewe kutoka Mbagala hadi Masaki, na ukifika imekwisha. Kulegeza mkia mpaka ikatae kuwaka, kisha kuukaza ukifika, kumenimalizia shida hiyo. Kwa tochi ya plastiki isiyo na nyuzi za namna hiyo, kipande cha karatasi ngumu kati ya betri na springi kinafanya kazi ileile.

Betri hizi ndefu nazungumza nazo kwa heshima, na nitasema kwa nini. Zinaitwa 18650, tarakimu ambazo ni vipimo vyake tu: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ni lithiamu, volti 3.7 za kawaida na 4.2 ikijaa. Asubuhi moja nilitoka na betri ya akiba imejaa, nikaitupa kwenye mfuko wa suruali. Mfuko huohuo una funguo na sarafu za nauli. Tumefika Mtongani, foleni imesimama, mimi nimesimama mlangoni nimeshika bomba la juu, nikahisi paja linapata moto. Nilidhani ni mtu ameegemea na chungu au chupa ya chai. Nikaingiza mkono, na ile sarafu ya kwanza niliyoigusa iliniunguza ncha ya kidole. Nilizimwaga zote chini, sarafu na funguo, mbele ya watu, betri nikaitoa kwa kuishika na kitambaa. Ganda lake la plastiki juu, karibu na ncha chanya, lilikuwa limechanika kidogo, funguo zikaunganisha chanya na hasi pale pale. Konda akaniuliza, "Kaka, vipi, umeng'atwa?" Betri ya namna hiyo ikizidi kupata moto hupasuka na kuwaka, na daladala ilikuwa imejaa hadi ngazini. Mbele yangu alikaa mama na mtoto mchanga.

Kuanzia siku ile betri ya akiba inasafiri ndani ya kipande cha bomba la robo tatu, urefu wa sentimita nane, chenye kofia pande zote mbili. Betri inaingia na kubaki na nafasi kidogo tu. Vipande hivyo hubaki kila tunapofanya kazi, nami nimewagawia mafundi umeme, madereva wa bodaboda, na dogo ninayefanya naye kazi anavyo vitatu. Ganda likichanika, betri haiingii kwenye tochi wala mfukoni. Na ukiwa dukani usidanganywe na namba. Betri nzuri za ukubwa huo huishia karibu na 3,500 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa. Ukiona imeandikwa 9,900, aliyeandika hiyo alikuwa anauza karatasi. Mimi huomba mizani ya muuza viungo: nzima ina uzito wa gramu 45 hivi, na nimeshika za uongo zilizo nyepesi kiasi kwamba ukizipima unajua ndani kumejazwa kitu kingine.

Mama yangu mzazi anaishi nasi Mbagala tangu 2019. Macho yake yamepungua, na anaamka usiku mara mbili, mara tatu, kwenda uani. Nyumba yetu ni ya zamani, vyumba pande mbili za korido, choo kiko nyuma ukivuka uwanja. Marehemu baba alikuwa na kurunzi, ndivyo alivyoiita mpaka mwisho, ya bati yenye betri tatu kubwa, na iliishi chini ya mto wake. Mama alikuwa amezoea kwamba kuna mtu mwenye kurunzi. Katika mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mashine za kufua umeme za Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji hazijaanza kushika kasi, nilimnunulia tochi kubwa ya kuchaji, mwanga mkali. Hakuitumia. Nikimuuliza anasema, "Ipo, mwanangu." Ipo wapi? Juu ya kabati. Usiku aliona afadhali ashike ukuta kuliko kuitafuta. Na ilipokuja kuhitajika kweli, mvua za masika, ilikuwa imekufa: ndani ina betri ya madini ya risasi na tindikali, aina ambayo ukiiacha tupu miezi miwili chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani zake na haipokei tena chaji. Nilipaswa kuichaji kila mwezi hata kama haitumiki. Sikujua.

Basi nikamtengenezea nyingine, na hapo ndipo kazi yangu ya mabomba ilipokutana na tochi sawasawa. Nilichukua tochi nyepesi ya betri mbili za AA, kwa sababu betri hizo zipo dukani kwa Mangi pale kona na mtu yeyote anaweza kutumwa. Nikaivalisha tyubu na nati yake. Kisha nikakata kipande cha bomba la PVC la inchi moja, urefu wa sentimita nne, nikakipasua kwa msumeno na kuondoa theluthi moja ya mzunguko, kikawa kama herufi C. PVC ikifika joto la nyuzi 80 hivi inalainika kama ngozi. Sufuria ya maji yanayochemka juu ya jiko, dakika mbili au tatu, unakitoa kwa plaizi, unakibana kwenye shina la tochi lililofungwa kitambaa, unakimwagia maji baridi. Kinakumbuka umbo hilo. Ukiisukuma tochi inaingia kwa mlio, tak, ukivuta inatoka kwa mkono mmoja. Usikichome kwa moto ili kilainike, hata kama umewaona mafundi wakifanya hivyo. Moshi wa PVC una tindikali, unachoma macho na kifua.

Nikaenda na nyundo na misumari ya zege, nimeshaamua pa kukipigilia: kando ya kitanda, kwenye urefu ninaoutaka mimi. Mama akiwa amekaa ananitazama, nikakumbuka kuangalia ukuta. Pembeni mwa mlango, usawa wa bega lake, rangi ya ukuta ilikuwa na alama nyeusi inayong'aa, pana kama kiganja. Ni mafuta ya mkono wake. Kila usiku kwa miaka mitano alikuwa anaweka kiganja pale kabla ya kutoka. Nimeipita alama ile mara mia, na mara mbili nilipanga kuipaka rangi. Nikakipigilia kipande cha PVC katikati ya ile alama.

Nilijaribu pia kumwekea mwanga mwekundu, nikakosea. Nilikuwa nimesikia, na ni kweli, kwamba macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na kwamba mwanga mwekundu hafifu hauyaharibu mazoea hayo kama mweupe unavyofanya. Kwa fundi pikipiki nikapata kioo cha taa ya nyuma ya bodaboda kilichovunjika, nikakisugua kwa msasa mpaka kikawa duara la kuingia kwenye kichwa cha tochi. Kwangu kilinifaa sana: naangalia watoto chini ya chandarua bila kuwaamsha, na nikizima bado naona mlango. Kwa mama hakikufaa. Macho ya uzeeni yanahitaji mwanga zaidi, na kwa wekundu ule hakuona ngazi inaishia wapi. Kibaya zaidi, dawa zake za presha zilikuwa kwenye kikasha chenye maandishi mekundu, na chini ya mwanga mwekundu maandishi mekundu yanapotea kabisa. Alinionyesha mwenyewe: "Hiki kikasha mbona kitupu, hakijaandikwa kitu?" Nikakitoa kile kioo usiku uleule. Mahali pake nikaweka kitako cha kopo la mtindi, mwanga ukawa mweupe, wa kutawanyika.

Tochi hiyo naifungua kila mwanzo wa mwezi. Hewa ya pwani yetu ina chumvi na unyevu, na betri za alkalini zikivuja zinaacha unga mweupe kwenye springi. Kinachovuja ni alkali kali, basi kipande cha pamba chenye tone la limau au siki kinauyeyusha, kisha nafuta kwa maji kidogo, nakausha, nasugua ncha kwa msasa laini. Sigusi unga ule kwa mikono mitupu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa nne na nusu usiku, mtaa mzima. Nilikuwa sebuleni nakunja vyeti vya watoto vya shule. Kabla sijapapasa simu nikasikia kutoka chumba cha mama, tak, na mwanga mweupe mpole ukatokea chini ya mlango wake, ukaenda ukipita koridoni kuelekea uani. Kisha sauti: "Mwanangu, hebu njoo. Mlango wa nyuma umevimba tena kwa hizi mvua."

Nikaenda. Alikuwa amesimama pembeni, kidole gumba juu ya ile nundu, anamulika komeo. Nikausukuma mlango kwa mikono yote miwili, ukafunguka, akapita.